Mvua yetu ni moja tu kwa mwaka

Salamu wapendwa. Wiki nzima hii tunamenya viazi vitamu, mi na mama mkwe, na watoto wakitoka shule nao wanakaa chini na visu vyao, mikono imekuwa myeusi kwa utomvu na hautoki hata ukisugua na jivu. Leo ndo nimepata kakiti ka kukaa baada ya maombi ya jioni nikasema ngoja niandike kabla usingizi haujanibeba.

Kuna jambo linanikaa moyoni tangu mwaka juzi. Ilikuwa zamu yetu ibada ya nyumba kwa nyumba, watu wamejaa sebuleni wengine uani, na stoo ilikuwa imejaa hivyo magunia ya mahindi tulikuwa tumeyapanga ukutani juu ya mbao, kila mtu anayaona. Dada mmoja, nampenda na mpaka leo ni rafiki yangu, akaniuliza mbona mnajaza hivi, si Mungu ndiye anayelisha hata ndege? Hakuuliza kwa ubaya. Ila usiku sikulala. Mimi mwenyewe ndo nawafundisha watoto waombe riziki ya leo, sasa haya magunia ya mpaka mwezi wa tatu ni imani au ni hofu?

Jibu nililipata nikiwa naanika. Huku kwetu Tabora mvua ni moja. Inaanza Novemba, ikichelewa Desemba, ikifika Aprili mwishoni imekata, na hapo mpaka Oktoba hutaona hata tone, majani yote yanakuwa rangi ya udongo. Sio kama ndugu zetu wa Kagera au Kilimanjaro wenye vuli na masika. Yaani Mungu huku kwetu anatupa chakula cha miezi 12 ndani ya miezi mitano sita, anatupa kwa mpigo. Sasa nikikiacha kikaoza uani nimekipokea kweli? Watu wanaikumbuka sana ile mana, chakula walichoshushiwa wana wa Israeli jangwani, iliyowekwa ikaingia mabuu, wanasahau ya siku ya sita, ambayo waliambiwa wenyewe waokote maradufu na waweke, na kesho yake haikunuka. Mana ni ileile. Na Yusufu kule Misri alitenga sehemu ya tano ya mavuno miaka 7 ya neema, na hiyo akili alipewa na Mungu huyohuyo. Kwa hiyo mi siku hizi naanika kwa amani kabisa.

Haya, viazi. Ukichimba usimenye siku hiyohiyo. Mama mkwe anaviacha kivulini siku mbili tatu vinyauke, vikinyauka vinakatika vizuri na havivunjiki. Kisha tunamenya, tunakata slesi nyembamba, tunaanika. Hayo ndo michembe. Ukivichemsha kwanza ndo ukakata na kuanika, hayo ni matobolwa, yanakuwa ya njano kahawia, magumu, matamu, mtoto anatafuna moja njia nzima mpaka shuleni. Tunaanikia kwenye lile jiwe kubwa nyuma ya nyumba ambalo mama mkwe alilikuta likianikiwa alipoolewa hapa, linashika joto la jua mpaka saa mbili usiku, hakuna turubai linafanya hivyo. Mchembe uliokauka ukiuvunja unalia ka! kama kijiti. Ukipinda tu bila kuvunjika, urudishe juani, usijidanganye. Mama mkwe hahitaji hata kuvunja, anachota kiganja anautikisa karibu na sikio, anasema bado huu, na kweli unakuta bado.

Viazi lishe vile vya njano ndani hatuviweki muda mrefu, vitamini A inapungua kwa jua na kwa kukaa, kwa hiyo hivyo tunakula kwanza kabla ya kuvikausha na vikizidi ndo tunakausha kidogo.

Majani ya kunde nayo tunachuma yangali laini, tunachemsha kidogo na chumvi, tunaanika, hiyo nsansa. Mwezi wa kumi sokoni mchicha unauzwa kafungu kama kidole, mi naloweka nsansa naipika na karanga za kusaga na watoto wanagombania sufuria.

Mahindi ndo yaliniliza. Mwaka wa kwanza nimeolewa tulipukuchua haraka kwa sababu kulikuwa na msiba tunatakiwa kusafiri, tukafunga magunia yakiwa hayajakauka, nikasema yatakaukia humo humo. Tuliporudi baada ya wiki kadhaa nikaingiza mkono kwenye gunia nikakuta joto. Joto kabisa kama la mtu mwenye homa. Tukamwaga chini, punje za kijani, nyingine nyeusi, harufu ya ukungu, magunia matatu. Baba watoto akasema tuoshe tuwape kuku. Mama mkwe akakataa, akasema sumu ya kuku ni sumu yako utakayemla na kula mayai yake. Tukachimba shimo. Nililia jamani, maana nilikumbuka palizi yote ile na mimba ya miezi minane. Baadaye 2016 tukasikia habari za Dodoma na Manyara, watu walikufa kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu wa nafaka, nikampigia magoti Mungu kwa ajili ya yule mama. Sumukuvu inaharibu ini na kupika hakuiondoi, na sio lazima uuone ukungu kwa macho.

Toka siku hiyo hakuna gunia linafungwa kwetu bila kupimwa kwa chumvi. Unachukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, unaweka mahindi robo yake, chumvi kavu vijiko viwili, unafunga unatikisa, unaacha kama dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa mahindi bado yana maji, rudisha juani. Ikianguka chini yote, funga. Mtoto wetu wa tatu ndo mwenye kazi hiyo, anaifanya kwa uso wa mchungaji anayebatiza.

Tunatumia mifuko ya PICS ile yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Zamani tulikuwa tunapulizia dawa, mwaka mmoja tuliuziwa ya feki dukani na dumuzi wakageuza mahindi kuwa unga. Huyu mdudu katokea huko Amerika, akaonekana kwanza hukuhuku Tabora miaka ya 1980 mwanzoni, wazee wanamkumbuka vizuri. Kwenye PICS unasokota nailoni ya ndani unafunga, unasokota ya pili unafunga, mwisho kiroba, hewa inaisha wadudu wanakufa wenyewe. Ila mfuko haukaushi mahindi, ukiweka yenye maji yanaoza humo, na panya akitoboa kazi imeisha.

Kabla ya kufunga chochote tunatoa ya Bwana kwanza. Jumapili ya mavuno kanisani kwetu ni siku ninayoipenda kuliko Krismasi, mabenchi yote ya mbele yanajaa, mahindi, karanga, kuku wamefungwa miguu wanalia katikati ya mahubiri, asali ya porini kwenye ndoo, halafu mnada. Mwaka jana boga langu lilinunuliwa, aliyenunua akalirudisha madhabahuni, likanunuliwa tena, likarudishwa, mara nne! Na karanga mistari miwili ya pembeni hatuchimbui sana, mama mkwe anasema hiyo ina wenyewe, na wanakuja kweli, asubuhi mapema, hatuwaulizi.

Yule dada wa ibada mwaka huu Februari alikuja jioni na kibakuli kimefunikwa kwa khanga. Hakusema kitu na mimi sikuuliza. Tulifungua mfuko pamoja, ule upepo wa mahindi makavu ukatoka, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko akacheka. Nikamjazia debe, nikaongeza na michembe ya watoto.

Sasa nilale, mama mkwe ameshazima taa. Viazi vya kule bondeni bado hatujachimba, na usiku huu mbingu ni nyeupe, kesho jua litakuwa kali.