Komoro, jirani zetu tusiowajua vya kutosha

Ukipima kwa mstari ulionyooka kwenye ramani, Moroni, mji mkuu wa Komoro, iko karibu zaidi na Dar es Salaam kuliko Mwanza: ni takribani kilomita 700 za bahari, ilhali safari ya anga ya kwenda Mwanza inapita kilomita 800. Hata hivyo, wengi wetu tunachojua kuhusu Komoro ni kwamba ndiko walikotoka Wangazija, basi. Naona jirani wa karibu namna hii anastahili kufahamika zaidi, hasa kwa kuwa ni nchi ambayo udogo wa ardhi yake umewafanya watu wake kuwa wasafiri tangu zamani.

Visiwa vyenyewe ni vinne, vimekaa upande wa kaskazini wa Mlango wa Bahari wa Msumbiji: Ngazija, Nzuani, Mwali na Maore (Mayotte). Vitatu vya kwanza ndivyo vinavyounda Muungano wa Komoro, wenye eneo lisilofika kilomita za mraba 2,000, na sensa ya mwaka 2017 ilihesabu watu 758,316. Ngazija, kilicho kikubwa kuliko vyote, kina volkano ya Karthala yenye urefu wa mita 2,361, ambayo bado iko hai. Miamba yake ina vitundu vingi, kwa hiyo mvua hata ikinyesha kwa wingi, maji huzama ardhini upesi, wala hakuna mto unaotiririka mwaka mzima. Ndiyo maana watu hujenga mabirika ya kukingia maji ya mvua, na maji hayo ndiyo ya kunywa, ya kupikia na ya kutawadhia. Karthala ilipolipuka mwaka 2005, majivu yaliingia ndani ya mabirika hayo, na maelfu ya watu wakakosa maji salama ilhali nyumba zao bado zimesimama. Nzuani ina mito, lakini misitu imekatwa kwa ajili ya mashamba na kuni, zikiwemo za kukenekea mafuta ya mlangilangi, na mingi kati ya mito hiyo sasa hukauka wakati wa kiangazi.

Katika mazingira hayo mtu hutoka kwenda kutafuta. Wangazija walikwenda Unguja, wakaja Dar es Salaam, wakaenda Majunga kule Madagaska, na baadaye Marseille. Sheikh Ahmed bin Sumeit, aliyekuwa kadhi mkuu wa Zanzibar na mmoja wa wanazuoni wakubwa wa pwani yetu, alizaliwa Ngazija. Chama cha MOLINACO, kilichopigania uhuru wa Komoro, kiliasisiwa na Wakomoro waliokuwa wakiishi Tanganyika, hapa hapa Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Kinachowarudisha nyumbani ni ada, yaani harusi kubwa. Mwanamume wa Ngazija ambaye hajaitimiza, hata awe na elimu na fedha kiasi gani, hahesabiwi miongoni mwa wakubwa wanaokaa mbele bangweni, yaani kwenye uwanja wa mji, na kuamua mambo ya mji. Nyumba, kwa upande wake, ni ya mwanamke: hurithiwa kutoka kwa mama kwenda kwa binti, na mume ndiye anayehamia kwa mkewe. Kariakoo nimewahi kukaa dukani na mama mmoja wa Kingazija, amejifunga leso na uso ameupaka liwa, akichagua vyombo na mapazia kimoja kimoja. Nilipomuuliza kama anakwenda kuuza, alinijibu, "Hapana, mwanangu, hii ni nyumba ya binti yangu." Wapo wanaosema kwamba gharama za harusi hizi zinamaliza akiba ambayo ingejenga viwanda. Hoja hiyo ina uzito, lakini sioni ni taasisi gani nyingine ingeweza kumrudisha kijijini mtu aliyekaa Ufaransa miaka thelathini.

Wafaransa waliichukua Maore mwaka 1841 na kuviweka visiwa vingine chini ya himaya yao mwaka 1886. Katika kura ya maoni ya Desemba 1974 Wakomoro walio wengi sana walichagua uhuru, ila Maore wengi walikataa. Uhuru ulitangazwa tarehe 6 Julai 1975, na Ufaransa ikabaki Maore. Yaliyofuata yalikuwa mapinduzi kadhaa, baadhi yakiongozwa na mamluki Bob Denard, kisha Nzuani na Mwali kujitenga mwaka 1997. Machi 2008 askari wa Tanzania walikuwa miongoni mwa majeshi ya Umoja wa Afrika yaliyosaidia kumwondoa Kanali Mohamed Bacar, kiongozi wa Nzuani aliyekuwa amegoma kuachia madaraka, jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui.

Jeraha la Maore bado halijapona. Bendera ya Komoro ina nyota nne, lakini tangu mwaka 1995 Mkomoro anahitaji viza kukanyaga kisiwa cha nne, ambako wengi wana mashangazi na wajomba. Kutoka Nzuani ni kilomita 70 hivi, na wasioweza kupata viza hupanda usiku boti ndogo ziitwazo kwasa-kwasa, zilizojaa kupita kiasi, wakiwemo wajawazito na wagonjwa wanaokwenda kutafuta hospitali. Maelfu wamekufa maji katika njia hiyo.