Kompyuta ya Sebuleni Isiyomwamsha Baba Zawadi

Jumapili, jioni

Hatimaye mashine imekaa chini ya televisheni na inafanya kazi. Zawadi anatazama katuni, mlango wa chumbani uko nusu wazi kwa sababu haujawahi kufunga sawasawa tangu tuhamie hapa Umoja, na baba yake amelala huko ndani. Yeye ni dereva wa basi la usiku. Leo anashuka Mombasa, kesho anapumzika huko mchana na kupandisha jioni, kesho kutwa asubuhi anaingia hapa macho yamemwiva. Mchana wetu ndio usiku wake. Mtu aliyebeba roho za watu gizani kwa kilomita 480 hivi anastahili kulala mpaka usingizi umwache wenyewe, na mtoto wa miaka sita naye anastahili katuni zake. Nilitaka wote wawili wapate haki yao bila mimi kugeuka refa.

Sauti ya katuni haikuwa tatizo, hiyo unaipunguza kwa rimoti. Tatizo lilikuwa kompyuta tuliyokuwa tukiitumia. Feni yake ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Sisi watu wa Umoja tunalala fofofo huku matatu zikipiga honi Outer Ring, maana sikio likishazoea kelele moja hulala nayo. Lisilozoea ni sauti inayobadilika kila dakika. Kwa hiyo sikuwa natafuta ukimya mtupu. Nilitaka feni ikae kwenye kasi moja, ya chini, tangu filamu ianze hadi iishe.

Wengi wakiamua kutuliza kompyuta huanza na feni: wananunua ya bei, wanabandika sponji, wanaziba matundu. Kwangu mimi huko ni kuanzia mkiani. Feni inazunguka kwa sababu kuna joto. Joto lipo kwa sababu prosesa, ubongo wa kompyuta, inatoka jasho. Basi swali la kwanza ni hili: jasho hilo ni la kazi gani, na kuna namna ya kuipunguzia?

Kazi yenyewe ni kufumbua video. Karibu kila filamu unayoipata siku hizi imebanwa, ama kwa H.264, kiwango kilichotoka 2003, ama kwa HEVC ya 2013, inayobana zaidi ya hapo. Kadiri filamu ilivyobanwa ndivyo hesabu za kuifumbua zinavyoongezeka, na prosesa ikizifanya hesabu hizo yenyewe, inachemka. Lakini Intel huweka ndani ya prosesa zake nyingi kijisehemu kilichoundwa kwa kazi hiyo tu. Kijisehemu hicho hufumbua video kwa umeme kidogo sana huku prosesa yenyewe ikiwa kama haina la kufanya. Kuanzia kizazi cha sita cha prosesa hizo, cha 2015, kinaifumbua hata HEVC ya kawaida, ile ya biti 8. Ndiyo maana nilikwenda mjini nikitafuta kizazi cha sita na si kingine.

Na wakati ndio huu. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kirasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu. Ofisi zinatoa nje mashine ambazo hazina ugonjwa wowote isipokuwa umri wa karatasi. Zinaishia Luthuli Avenue, kwenye vile vibanda vilivyogawanywa ndani ya duka moja hadi muuzaji na mteja hawawezi kugeuka pamoja. Inaniuma kuona shaba, alumini na kazi ya akili za watu wengi vikihesabiwa taka kwa sababu programu moja imekataa kuwekwa. Prosesa ya 2015 haijasahau hesabu zake.

Nilimkuta fundi ana rundo la kompyuta ndogo za ofisi, zile bapa zinazofungwa nyuma ya skrini. Moja ilikuwa imeungua madabodi, ile bodi kuu ya ndani, upande unaoingilia umeme, doa jeusi linaonekana.

“Dada, hiyo imekufa. Chukua hii, inawaka.”

“Naona, fundi. Nataka prosesa yake tu. Nifungulie nisome maandishi.”

“Prosesa peke yake? Utaiweka wapi?”

“Nina madabodi nyumbani.”

Akaifungua. Ile pesti ya kupitisha joto, inayopakwa kati ya prosesa na bamba lake la kupozea, ilikuwa imekauka kabisa, inabanduka kwa ukucha. Akaifuta kwa kitambaa chenye spiriti, polepole, herufi zikajitokeza: i5-6500T, ya kizazi cha sita. Ile T ya mwisho ndiyo iliyonitoa nyumbani. i5-6500 ya kawaida imepangiwa joto la wati 65, yenye T imepangiwa wati 35. Ni ndugu yuleyule aliyepunguziwa kasi, na wote wawili hukaa kwenye soketi moja, yaani kikalio cha prosesa kwenye madabodi, iitwayo LGA1151. Tulielewana bei, akaniongezea RAM ya GB 8 iliyotoka kwenye kompyuta kubwa, kwa kuwa zile za mashine ndogo ni fupi, za laptopu, na haziingii kwenye madabodi yangu. Mwishoni akaniuliza nikishamaliza nimletee picha. Nitampelekea.

Bamba la kupozea nililing'oa kwenye ile kompyuta yetu ya zamani. Watu huambiwa madukani kwamba prosesa nyingine lazima inunuliwe na bamba jingine. Kwa hizi si kweli. Tangu soketi ya LGA1156 ya 2009 hadi LGA1151, Intel waliyaacha mashimo manne ya kufungia kwenye umbali uleule wa milimita 75, kwa hiyo bamba la mashine iliyozeeka linaingia bila kulazimishwa. Hili la kwangu liliundwa kwa prosesa ya wati 95. Kulibebesha wati 35 ni sawa na kumtwisha hamali wa Gikomba kilo moja ya sukari. Nililiosha kwa brashi ya meno na maji ya vuguvugu, nikalianika juani siku nzima, nikapaka pesti mpya kiasi cha punje ya njegere. Vumbi la Nairobi lililotoka katikati ya yale mapezi lilijaza kiganja.

Kisha ndipo ikaja zamu ya feni. Nilichagua ya milimita 120, ya pini nne, kutoka kasha lililokuwa limetupwa. Pini ya nne ndiyo inayoiwezesha madabodi kuiamuru kasi. Hapa kuna hesabu ninayoipenda sana: feni ikipunguzwa kasi kwa nusu, hewa inayosukuma hupungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa desibeli 15 hivi, na umeme inaoutumia hushuka hadi sehemu ya nane. Unapoteza kidogo, unapata kingi. Ndiyo sababu feni kubwa inayojiendea polepole huishinda ndogo inayokimbia. Kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya madabodi, nimeiwekea mizunguko 600 kwa dakika, na isisogee hapo mpaka prosesa ipite nyuzi 65. Leo, katuni zikiwa zinaendelea, prosesa iko kwenye nyuzi 40 na kitu.

Baada ya feni kunyamaza, diski ndiyo iliyosikika. Mfumo wote uko kwenye SSD ndogo isiyo na kitu kinachozunguka, lakini filamu na picha zetu za familia ziko kwenye diski ya laptopu ya TB 1, na hiyo huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Kelele yake haiko hewani. Ni mtetemo unaopitia skrubu hadi kwenye bati la kasha, na bati ndilo linaloimba. Dawa yake ni kuondoa skrubu. Nilichukua mpira wa tyubu ya baiskeli, ule wanaofungia mizigo kwenye bodaboda, nikaukata vipande viwili vyembamba, nikavivuta kutoka upande huu wa kasha hadi ule, vikapishana, na diski ikaning'inia katikati bila kugusa chuma popote. Ukiweka kidole juu ya diski unausikia mtetemo. Ukikiweka kwenye kasha, hakuna. Waya wa data nao niliuachia ulegee, kwa sababu ukikaza sana unageuka daraja la kupitisha mtetemo uleule.

Pawasaplai, kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani, niliiacha kama ilivyo. Ni yenye feni ya milimita 120 na haikwaruzi. Ikikwaruza, mwenzangu, tafuta nyingine, usiifungue. Ndani mna kapasita zinazoshika umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na huku kwetu ni volti 240 zinazoingia.

Programu ilikuwa kazi ya saa moja hivi: LibreELEC, mfumo mwepesi ulioundwa kuendesha Kodi, programu ya kutazamia filamu, na si mengine. Kodi yenyewe ina historia inayonifurahisha, ilianza maisha kwenye Xbox ya kwanza, mashine ya kuchezea michezo, watu wakaigeuza kuwa ya kutazamia filamu, na jina la Kodi ikalipata 2014. Nimewasha pia ule mpangilio wa BIOS wa kurudi yenyewe stima zikirudi, maana Umoja zikipotea huwezi kujua saa.

Kuna jambo moja linalostahili kuelezwa vizuri, kwa sababu ndilo linalowakatisha wengi tamaa. Utacheza filamu kumi, kimya. Ya kumi na moja, feni inapanda. Mtu anaanza kulaumu feni. Tazama kwanza faili: uwezekano mkubwa ni HEVC ya biti 10. Kijisehemu cha kizazi cha sita hakiifumbui hiyo, cha kizazi cha saba ndicho kinachoiweza, kwa hiyo kazi yote inaangukia prosesa. Filamu inacheza vizuri, lakini joto limerudi na kelele nayo. Kwa mwenye mashine kama hii yenye kivinjari, YouTube nayo ina mambo ya namna hiyo, hupendelea kutuma VP9 au AV1, aina nyingine za kubana video, na ukiilazimisha itume H.264 mashine inatulia.

Zile za biti 10 tulizo nazo nazigeuza kuwa H.264 kwenye kompyuta yetu ya kazi. Naanza baada ya Zawadi kulala, usiku ambao baba yake yuko barabarani. Saa anazofika Mtito Andei abiria wakashuka kunywa chai, feni huku inakwenda kasi yake yote na hakuna wa kumsumbua. Asubuhi faili liko tayari. Linakuwa kubwa zaidi ya lile la mwanzo, hilo ni lazima likubaliwe, lakini nafasi kwenye diski ninayo.

Vilivyobaki, yaani ile madabodi iliyoungua ambayo fundi alinipa pamoja na prosesa, na kasha lenye kutu, nimevitia kwenye gunia vipelekwe WEEE Centre wanaopokea taka za kielektroniki. Madabodi zina vitu ambavyo sitaki vichomwe kwenye jaa watoto wakivuta moshi wake.

Mama Kevo wa ghorofa ya tatu alipita leo mchana, akasimama mbele ya televisheni.

“Mama Zawadi, hii kompyuta iko wapi?”

Nikamwonyesha. Akainama, akaweka sikio.

“Na ile yetu iliyo juu ya kabati, si unaweza kuifanya hivi?”

Nimepanda kuiangalia. Soketi ni LGA1155, kizazi cha pili, HEVC haiwezi. Lakini wao wanatazama mahubiri na filamu za Bongo, na faili zote alizonionyesha ni H.264, ambazo mashine hiyo inazifumbua bila shida. Haihitaji prosesa nyingine. Inahitaji kuoshwa, pesti, feni moja kubwa na vipande viwili vya tyubu. Nimemwambia asinunue chochote mpaka Jumamosi tuifungue pamoja, na Kevo awepo, ashike bisibisi mwenyewe.