Siku moja na babu wa reli

Saa 12 asubuhi. Naingia kwa mzee ninayemhudumia, Morogoro mjini, bintiye anawahi kazini. "Shikamoo babu." "Marahaba. Treni imeshapita?" Alikuwa fundi wa reli, sasa ana Alzaima, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, mwaka wa tano. Najibu bado. Zamani nilikuwa nambishia kwamba alishastaafu, tukawa tunaamka na ugomvi.

Saa 2. Kuoga, hapo ndipo pagumu. Ukimvua shati kimyakimya anaona amevamiwa, na ngumi zake bado ni za fundi. Maelekezo nayo hayamkai. Kwa hiyo naimba, dansi la zamani, kwa sauti yangu hii mbovu. Mwili unafuata mapigo: mkono huo juu, mguu huo ndani ya beseni. Kwenye kiitikio ananipokea, maneno yote kamili, mtu ambaye jana alimwita bintiye "dada mgeni".

Saa 4. Uji, dawa ya presha, kufua.

Saa 8 mchana. Mjukuu kamwekea bongofleva ili achangamke. Babu kaziba masikio. Jamani, huyu alikuwa kijana wakati Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe inavuma hapahapa mjini. Za ujanani ndizo zilizomganda. Mimi na bintiye tumemchagulia nyimbo 14. Moja tuliifuta: ilimkumbusha marehemu mkewe, akalia hadi usiku.

Saa 10 na nusu jioni. Saa hii nailinda kuliko zote. Jua likianza kuzama huwa anazunguka chumbani, anavuta kitasa, anataka "kwenda nyumbani" naye yuko nyumbani. Akishapanda hasira muziki haumshushi, unakuwa kelele nyingine tu. Kwa hiyo namtangulia: nusu saa ya nyimbo zake, sauti ya chini, runinga imezimwa. Nimezipakua kwenye simu, maana tangazo likiingia katikati anashtuka na tunaanza upya. Daktari alishatueleza kwamba kwa wagonjwa kama yeye zile dawa kali za kutuliza zinaongeza hatari ya kiharusi na hata kifo, basi tumeziweka mwisho kabisa.

Saa 12 jioni. Jana alivuta kitasa licha ya nyimbo zote hizo. Leo amekaa, vidole vinagonga mkono wa kiti.

"Treni imepita?"

"Imechelewa, babu."

"Basi ongeza sauti, tungoje."