Swali la mzee wa Ngomeni

Ufuoni Ngomeni, kaskazini ya Malindi, bahari ikitulia huonekana majukwaa ya San Marco yamesimama majini kwa miguu yao ya chuma. Hapo ndipo iliporushwa, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyoitwa Uhuru kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake siku hiyo, nayo ilikuwa ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei za angani peke yake. Nilipomsimulia hayo mzee mmoja aliyekuwa akiziba matundu ya jarife lake, na mazungumzo yakafika kwenye maada ya giza, ile isiyotoa wala kuzuia nuru, aliniuliza bila kuinua macho: "Na ikiwa haionekani, mwanangu, mwaijuaje kuwa ipo?" Nilimjibu harakaharaka, jibu ambalo halikunitosha hata mimi.

Uhuru ilionyesha kuwa makundi makubwa ya galaksi, likiwamo la Koma, hutoa eksirei nyingi, na baadaye ikathibitika kuwa zatoka kwenye gesi yenye joto la mamilioni ya digrii. Gesi ya moto kiasi hicho ingekwisha kutawanyika zamani lau ingeshikwa na mvutano wa nyota na wa gesi yenyewe tu; basi kuna maada nyingine isiyoonekana inayoishika. Mwanaastronomia Fritz Zwicky alikuwa amelishuku jambo hilo tangu 1933, alipoona galaksi za Koma zakwenda kasi kupita kiasi. Leo hukadiriwa kuwa maada ya giza ni takriban mara tano ya maada ya kawaida, hii ya samaki, ya chuma na ya miili yetu.

Maada hiyo ya giza imeundwa kwa chembe gani, hapo ndipo penye kazi. Katika mtambo wa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, wenye mzingo wa kilomita 27 chini ya mpaka wa Uswisi na Ufaransa, protoni, chembe za ndani ya kiini cha atomu, hugonganishwa uso kwa uso, na kwa kuwa haziendi kombo kabla ya kugongana, mienendo ya kombo ya vipande vyote sharti ijifute, wa huku ukifuta wa kule. Isipojifuta, kuna kitu kimetoroka bila kugusa vipimo, yaani vyombo vinavyonasa vipande hivyo. Tatizo ni kwamba nyutrino, chembe nyepesi mno ambazo ni nadra kugusana na chochote, nazo hutoroka vivyo hivyo, basi huhesabiwa kwanza. Na hadi sasa hesabu haijaacha ziada ya kuaminika.

Hata ikipatikana, mtambo utajua tu kwamba chembe hiyo iliishi muda wa kutosha kuvuka vipimo, ambao ni chini ya sekunde moja, ilhali ile ya Koma imeishi mabilioni ya miaka. Ndiyo maana jaribio la LZ huko South Dakota, Marekani, karibu kilomita moja na nusu chini ya ardhi, husubiri chembe itokayo angani igonge atomu moja ndani ya tani kadhaa za zenoni ya majimaji. Mimi sitaridhika mpaka majaribio ya aina hizi mbili yataje uzito mmoja.