Mstari wenye meno

Jana baada ya chakula mdogo wangu, yuko kidato cha tatu, aliniletea karatasi ya majaribio ya Jiografia. Grafu moja, maswali manne. Ni ile ya hewa ya ukaa inayopimwa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, kazi aliyoianza mwanasayansi Charles David Keeling mwaka 1958. Swali la kwanza liliuliza kiasi kimeongezeka vipi hadi 2023. Yeye kaandika: "Zaidi ya mara sita."

Nilitaka kumfokea, nikajizuia. Nilipoiangalia karatasi nikaona alikoitoa. Mstari unaanzia kwenye mraba wa kwanza chini, unaishia wa sita juu. Alihesabu miraba. Hakuona kwamba mhimili wima haukuanzia sifuri, ulianzia 300. Kumbe ni kutoka sehemu 315 katika kila sehemu milioni moja ya hewa hadi kama 420. Nyongeza ni thuluthi moja tu ya kile cha mwanzo. Na thuluthi hiyo si ndogo, nilimwambia hivyo pia.

Nikakumbuka kosa langu la namna hiyo. Mwaka mmoja niliulizwa mwezi wenye mvua nyingi kwenye grafu ya Dodoma, nikajaza Aprili bila kuangalia, kwa kuwa kwetu Dar Aprili ndiyo masika yenyewe. Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, na Aprili mstari ulikuwa umeshashuka. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu, mimi nikajibu kutoka kichwani. Bado linaniuma.

Tukaja kwenye meno ya ule mstari, yaani kupanda na kushuka kwake kidogo kidogo. Alidhani ni kosa la uchapaji. Hapana, nikamwambia, kila jino ni mwaka mmoja. Sehemu kubwa ya nchi kavu iko kaskazini mwa dunia. Huko majani yakichipua, mimea hufyonza hewa ya ukaa na mstari hushuka, kuanzia Mei hadi Septemba hivi. Majani yakipukutika na kuoza, unapanda tena. Ila kila jino linasimama juu kuliko lililotangulia. Hapo alinyamaza muda mrefu.

Swali la mwisho, kasi ilikuwa kubwa lini, alilifanya mwenyewe. Aliweka rula kwenye miaka ya 1960, mstari ukapanda chini ya sehemu moja kwa mwaka. Akaihamishia miaka kumi ya mwisho: zaidi ya mbili. "Dada, mbona rula imesimama zaidi huku?"

Nilidhani tumemaliza. Akauliza mwaka aliozaliwa ilikuwa ngapi. Tukaanzia 2009 kwenye mhimili mlalo, tukapanda hadi mstarini, tukaelekea kushoto: chini kidogo ya 390. Akaiandika kwa penseli pembeni ya karatasi, ingawa hakuna aliyemuuliza.