Siku moja maishani mwangu: fundi, pikapu ya dizeli na mwanya wa 0.40

Saa 12:45 asubuhi. Nafungua gereji, nafagia, namwaga mchanga pale oili ilipomwagika jana. Dogo ninayemfundisha kazi amefika kabla yangu. Wiki hii anawahi kila siku, wiki ijayo sijui.

Saa 1:15. Oili na filta kwenye gari dogo. Saa 2:00, brekipedi za mbele za jingine. Hayo hayana hadithi.

Saa 3:10. Naisikia kabla sijaiona. Pikapu ya Isuzu yenye injini ya 4JA1, dizeli ya lita 2.5, silinda nne, bodi imebonyea kila upande kwa kubeba mizigo. Juu ya ule mngurumo wa kawaida wa dizeli kuna tak-tak-tak kama mtu anayegonga kijiko kwenye sufuria. Mwenyewe anashuka bila kuzima injini.

"Fundi, unasikia hiyo? Nikazie tapeti. Saa 6 niwe barabarani, nina mzigo unanisubiri."

"Umetoka nayo mbali?"

"Mwendo wa saa mbili tu."

Hapo nikajua siku yangu imeshapata mwenyewe.

Acha nieleze, kwa sababu wengi hudhani tapeti ni kama nati ya tairi: ikilegea, unaikaza, unaondoka. Sivyo. Ndani ya injini hii kamshafti, shafti yenye vinundu, inasukuma pushirodi, yaani fimbo, pushirodi inanyanyua roka, mkono unaocheza kama bembea, roka inabonyeza vali, yaani mlango wa kuingiza hewa au kutoa moshi. Kati ya ncha ya roka na shina la vali lazima pabaki mwanya kidogo, maana chuma kikipata moto hutanuka. Kuseti tapeti ni kuuweka mwanya huo sawa. Kwa 4JA1 mwanya huo ni milimita 0.40, sawa kwa vali za hewa na za moshi, na hupimwa injini ikiwa baridi. Hiyo ni kama unene wa karatasi nne za kuandikia. Zipo injini ambazo watengenezaji wake wametoa kipimo cha moto. Hii si mojawapo. Ukiipima imetoka safari, fila geji, kile kipimo cha bapa nyembamba za chuma, itakupa namba, lakini namba hiyo haikuhusu.

Nikamwambia mteja: izime, tufungue boneti, tusubiri.

Akacheka. Alipoona mimi sicheki, akaacha. Akasema fundi aliyemfanyia mara ya mwisho alimsetia injini ikiwa inaunguruma, dakika ishirini, kelele zote zikakata. Nikamwuliza, alikusetia au alikukazia? Hakujibu. Akapiga simu mbele yangu: "Niko kwa fundi, ananichelewesha." Mimi. Ninamchelewesha.

Kabla hajaizima nikatumia ule moto kwa jambo moja la maana. Nilichukua bisibisi ndefu, ncha juu ya kava ya tapeti, mpini sikioni, nikasikiliza silinda moja moja. Kisha nikalegeza nati za mabomba ya nozeli zinazopuliza dizeli kwenye silinda, moja baada ya nyingine, na kuzifunga tena. Kama kelele inatoka kwenye mlipuko wa silinda fulani, ukiinyima dizeli silinda hiyo sauti inakatika. Haikukatika. Kwa hiyo ni tapeti kweli, na inatoka upande wa silinda ya 1. Nikauliza swali moja zaidi, la kawaida tu: asubuhi inawakaje?

"Kwa shida kidogo. Inatoa moshi mweupe, inatetemeka, halafu inatulia. Hiyo nimeizoea. Wewe nitolee kelele."

Nikaliweka hilo kichwani.

Kusubiri injini ipoe ni kazi, ila hakuna anayeilipia. Saa 4:00 mteja yuko juu ya tairi kuukuu, anatingisha mguu. Saa 4:30 anaenda kugusa kava: "Imepoa hii." Haijapoa. Saa 5:00 anagusa tena. Mimi niko chini ya gari jingine nabadilisha bushi, namwona miguu tu, inakwenda na kurudi. Saa 5:20 namsikia anamwambia dogo alete ndoo ya maji aimwagie injini. Nilitoka pale chini kwa kasi ambayo mgongo wangu uliilipia baadaye. Maji baridi juu ya silinda hedi, kile kifuniko cha silinda chenye vali, ikiwa na moto yanaweza kuipasua au kuipinda. Hapo hatuzungumzii tapeti tena, tunazungumzia hedi nzima. Nikamweleza kwa sauti ya chini kadiri nilivyoweza. Akasema, "Basi fundi, usikasirike." Sikukasirika. Niliichukua tu ile ndoo nikaifungia stoo.

Saa 6 ikapita. Mzigo wake ukabebwa na mtu mwingine, nikaambiwa habari hiyo mara tatu.

Saa 8:15 mchana nikaweka kiganja juu ya hedi na kikakaa bila kuungua wala kuhisi joto. Tukaanza.

Kava ikatoka, gasketi yake imekauka kama kipande cha mti. Tukatoa hita plagi zote nne, zile za kupasha silinda moto wakati wa kuwasha, kwa sababu injini ya namna hii inabana hewa karibu mara 18, na kuizungusha kwa spana huku imebana ni kujitafutia maumivu ya bega. Dogo akazungusha kwenye boliti ya puli ya krenki, shafti kuu ya injini, mpaka alama ya pistoni ya 1 kufika juu ikakaa mahali pake. Akasema tayari. Nikamwambia shika roka za silinda ya 1, uone kama zinacheza. Hazikucheza. Za silinda ya 4 ndizo zilizocheza. Huo ndio mtego wenyewe: krenki inazunguka mara mbili wakati kamshafti inazunguka mara moja, kwa hiyo alama inafika pale mara mbili, na moja tu ndiyo unayoitaka, ile ambayo vali zote mbili za silinda ya 1 zimefunga na roka zake zinacheza. Mimi niliingia mtego huo nikiwa mwanafunzi, nikaseti vali ambazo zilikuwa zimefunguka, na injini ikakataa kabisa kuwaka. Mwalimu wangu hakunigombeza. Alivuta kiti akakaa kunitazama nikifungua upya.

Tukazungusha duru moja. Sasa za 1 zinacheza. Hapo unapima vali zote mbili za silinda ya 1, ya hewa ya 2, na ya moshi ya 3. Zilizobaki unazipima baada ya duru nyingine.

Silinda ya 1, vali ya hewa: ubapa wa 0.60 ukapita bila kugusa. Mpiga kelele wetu huyo. Ya moshi ya 1 na ya hewa ya 2 zilikuwa zimepotoka kidogo tu. Nikafika kwenye vali ya moshi ya silinda ya 3. 0.40 haiingii. 0.30 haiingii. 0.10. 0.05, ubapa mwembamba mpaka unajikunja kama jani. Haiingii. Roka imekaa juu ya vali, haina nafasi hata chembe.

Nikamwita mteja aone. Akainama, akaitingisha roka ya silinda ya 1, ikalia. Akaitingisha ile ya 3, kimya.

"Hii ndiyo imekaa vizuri," akasema. "Fanya zote ziwe hivi."

Nilikaa chini kwanza.

Vali ya moshi hupitiwa na gesi yenye moto mkali, na joto lake kubwa hulitoa pale inapofunga na kukaa kwenye siti yake. Isipokuwa na mwanya, injini ikipata moto vali haifungi sawasawa. Inavuja, inaungua ukingo, kompresheni, yaani nguvu ya silinda kubana hewa, inashuka. Ndiyo maana ya kuwaka kwa shida asubuhi na ule moshi mweupe, dizeli inayotoka bila kuungua. Huenda vali imezama kwenye siti kwa kuchakaa, huenda zile dakika ishirini za yule fundi mwingine ndizo. Huwezi kujua kwa kutazama. Ila tapeti iliyolegea inakupigia kelele mwaka mzima, na iliyobana inaungua kimyakimya, halafu anayesifiwa ni ile iliyobana.

Kuziseti zenyewe ni kurudia tu: legeza loknati, shika skrubu kwa bisibisi, peleka ubapa mpaka uvutike kwa ukinzani kidogo, kama kuvuta karatasi chini ya kitabu, kisha funga loknati bila kuiachia skrubu. Halafu pima tena, maana skrubu hupenda kufuata nati. Vali nane. Nikazungusha nikapima zote upya. Mgongo wa ile ndoo ya maji ukaanza kudai.

Kabla ya kurudisha hita plagi nikapima kompresheni. Silinda tatu karibu sawa, ya 3 imebaki nyuma. Nikamwambia. Akatikisa kichwa kama mtu anayeambiwa hali ya hewa ya nchi nyingine.

Ilikuwa jioni tayari tulipoiwasha, gasketi mpya, boliti zote mahali pake. Ikashika mara moja. Mngurumo mzuri, umenyooka. Na juu yake, kwa mbali: tak. Tak. Tak.

"Si nilikwambia?"

Sikuwa na nguvu ya kubishana, nikafungua kava tena. Ncha ya roka ya hewa ya silinda ya 1 imechimbika, kishimo kidogo unachokisikia kwa ukucha kuliko kukiona, na mchana sikukipapasa. Ubapa wa fila geji umenyooka, kwa hiyo unalala juu ya kishimo kama ubao juu ya mtaro. Geji inasema 0.40, vali inaona zaidi. Dawa ni roka nyingine, na leo sina. Akaniomba niikaze "kidogo tu". Nikakataa. Akaomba tena, safari hii kwa upole, akaniita mkuu. Nikakataa kwa upole vilevile.

Akaondoka na ile tak yake moja aliyoileta, na silinda ya 3 ambayo hakuniomba niiguse.

Dogo akafuta fila geji na kuipaka oili isipate kutu. Mimi nikaandika kwenye daftari: silinda ya 1 hewa, roka mpya. Silinda ya 3 moshi, ilikuwa sifuri, sasa 0.40. Arudi baada ya kilomita 1,000 tuone kama mwanya umepungua tena. Aje injini ikiwa baridi. Hilo la mwisho nimelipigia mstari mara mbili.