SummerSlam 1992: nimeirudia mechi kwa mechi, safari hii mpaka mwisho

Kanda yetu ya SummerSlam 1992, ile shoo kubwa ya mieleka, ilikuwa inakatika pale Bret Hart anapomgeuza Davey Boy Smith kwenye Sharpshooter, ile kabali yake ya miguu. Yaani Davey kalala kifudifudi, miguu imefungwa, uso umejikunja, mkono mmoja unatafuta kamba, halafu chenga. Basi. Mwenye kibanda anainuka anatoa kanda anaweka ya karate.

Hiyo ni 1993, Morogoro, kibanda cha video cha mabati, jenereta linanguruma nje, mabenchi ya mbao. Huku bara televisheni ilikuwa bado kabisa, ITV imekuja kuanza 1994, kwahiyo mieleka kwetu ilikuwa inakuja kwa mikanda ya VHS iliyorekodiwa kutoka kwenye mikanda mingine mpaka rangi zinavuja, ile taiti ya pinki ya Bret tulikuwa tunaijua ni nyekundu. Na kwa miaka mingi sana watoto wote wa mtaa ule tuliamini Bret ndo alishinda, maana nani anatoka kwenye Sharpshooter? Hata kubishana hatukuwahi kubishana.

Juzi nikakaa nikaiangalia yote, mwanzo mwisho, picha safi. Nimeandika hapa kila mechi nilivyoiona, zingine nitazipita haraka maana hazina cha kusema.

Kwanza mazingira. Ni Wembley, ule uwanja wa zamani wa London wenye minara miwili, tarehe 29 Agosti 1992, na watu waliotangazwa ni 80,355. WWF, kampuni ya mieleka yenye shoo hii, walikuwa na mpango wa kuifanyia Marekani kule karibu na Washington wakabadilisha wakaipeleka Uingereza, na nadhani huo ndo uamuzi uliofanya leo hii bado tunaiongelea. Kitu ambacho kanda yetu haikuwahi kuonyesha vizuri ni anga. Shoo inaanza bado kweupe, jua la jioni la Ulaya lile lisilotaka kuzama, halafu kadiri mechi zinavyoenda giza linaingia polepole, mpaka mechi ya mwisho ni usiku kabisa na ule umati umekuwa kitu kimoja cheusi kinachounguruma. Hakuna ukumbi wa ndani unaoweza kukupa hicho.

Legion of Doom na Money Inc., timu za watu wawili wawili, wanafungua. Hawk na Animal wanaingia na mapikipiki, mabega yana miiba, uwanja unalipuka. Wapinzani wao ni Ted DiBiase, milionea, na IRS, mtu wa kodi anayepigana na tai shingoni. Mechi yenyewe ya kawaida, ila mwangalie DiBiase. Mieleka hii ni ya kupangwa, na yule mzee anajua kupigwa. Kila ngumi ya Animal anaipokea na mwili mzima, anayumba, anashika kamba, anaanguka kwa namna ambayo hata wewe uliyekaa nyumbani unashika shavu. Animal anamnyanyua anambwaga, moja mbili tatu, imeisha. Watu wanamshangilia Animal lakini kazi kaifanya DiBiase, na hili nataka ulishike maana nitalirudia.

Nailz na Virgil, hapana. Nailz ni mfungwa aliyetoka jela na ovaroli la rangi ya chungwa, anamkaba Virgil mpaka analala. Tuendelee.

Shawn Michaels na Rick Martel hii niliisahau kabisa na imenifurahisha kuliko nilivyotegemea. Wote wawili ni watu wabaya wa shoo, wote wanaringia sura zao, na wote wanamgombania Sherri, yule mama mwenye makeke, kwahiyo yeye katoa sharti moja: hakuna kumpiga mwenzako usoni. Sasa fikiria mechi ya mieleka ambayo uso ni marufuku. Wanavutana, wanabanana, wanajisahau wananyanyua ngumi wanakumbuka wanaishusha, na uwanja mzima unasubiri nani ataanza kuvunja. Kikaja kibao cha kwanza, basi wote wakachafukwa, Sherri akazimia (wa kujifanya), na jamaa wakaacha mechi wakaanza kugombania nani ambebe. Wote wakahesabiwa kumi nje ya ulingo, hakuna mshindi, na mwisho Martel akaja na ndoo ya maji akammwagia Sherri mwili mzima. Shawn hapo bado kijana, bado hajawa yule Shawn tunayemjua, ila namna anavyoanguka tayari unaona kitu.

Natural Disasters na Beverly Brothers, mikanda ya ubingwa wa timu ilikuwa kwa Disasters na ikabaki kwao. Earthquake akimkalia mtu kifuani ujue biashara imeisha. Crush na Repo Man, huyu Repo Man kazi yake ni kunyang'anya magari ya watu walioshindwa kulipa mkopo, tungemwelewa vizuri zaidi siku hizi kuliko 1993. Crush akamminya kichwa mpaka akasalimu amri. Haraka haraka zote mbili.

Halafu Randy Savage na Ultimate Warrior. Savage ndo bingwa wa dunia. Kwenye kibanda kanuni yetu ilikuwa rahisi, kuna steringi na kuna adui, basi, sasa hapa ni steringi kwa steringi na watoto tulikuwa tunagawana kabisa, benchi la kushoto Warrior, benchi la kulia Savage. Hawa walishakutana Los Angeles mwezi wa tatu 1991 Savage akashindwa akalazimika kustaafu, mpaka aliporudi, kwahiyo kulikuwa na deni. Kabla ya mechi yalienezwa maneno kwamba Mr. Perfect na Ric Flair, wanamieleka wengine wawili, wamemnunua mmoja wao, haijulikani nani, na hicho ndo kinaitafuna mechi nzima, maana kila Perfect akigusa kamba unajiuliza huyu anamsaidia nani? Leo anamvuruga huyu, dakika mbili anamvuruga yule.

Mechi ni ndefu, inakaribia nusu saa, na mimi naona ndo mechi ya pili kwa ubora ya Warrior maisha yake yote, na ya kwanza ilikuwa ni na huyo huyo Savage. Hiyo si bahati. Warrior alikuwa anajua kukimbia, kutikisa kamba na kunyanyua mtu juu, hayo aliyaweza kuliko yeyote, lakini Savage ndo alikuwa anamtengenezea mechi, anamjazia nafasi, anaanguka sehemu inayotakiwa kwa wakati unaotakiwa. Mwisho Savage yupo juu ya kona anataka kuruka na ule mkono wake, anamwona Flair chini, anamrukia Flair badala ya Warrior, anakutana na kiti mguuni. Akashindwa kurudi ulingoni, refa akamaliza kumi. Warrior kashinda lakini kwa hesabu ya nje ubingwa haubadiliki mikono, kwahiyo mkanda umebaki kwa mtu anayechechemea. Kibandani tulikasirika sana. Leo nimeuangalia ule mguu tu, Savage anaondoka anauburuta huku Warrior kamshikilia, na nimeona jinsi alivyokuwa anaandaa stori inayofuata, maana siku tatu tu baadaye Flair akauchukua ule mkanda kwa mguu huo huo.

Sasa Undertaker na Kamala. Hapa nitakaa kidogo.

Undertaker anaingia kwenye gari la kubebea maiti, polepole, kupita katikati ya watu elfu themanini. Kamala anatangazwa Jitu la Uganda. Pekupeku, kitambaa kiunoni, nyota zimechorwa kwenye tumbo na rangi nyeupe usoni, anapiga tumbo lake pa pa pa, na ana msimamizi aliyeficha uso na kofia ngumu ya wakoloni anamwongoza kama anaongoza mnyama. Stori waliyomtungia ilikuwa kwamba zamani alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Sasa hebu fikiria hilo linaonyeshwa Morogoro, kwenye chumba ambacho nusu ya watu wazima wanaikumbuka vita ya Kagera kama jana. Kulikuwa na mzee mmoja tulikuwa tunamwita Baba Zena, alikuwa vitani 1979 mpaka wakafika Kampala, na siku hiyo alikuja kumfuata mwanae akasimama mlangoni akaangalia. Sisi tunapiga kelele Amin! Amin! Yeye akasema, "Nyie wanangu, Uganda mimi nimetembea kwa miguu. Huyu siyo Mganda. Mganda gani huyu, hana hata shati?" Akaondoka na mwanae. Mtoto mwingine ambaye kwao ni Bukoba akasema kwao Kamala ni jina la watu kabisa, kuna majirani zao wanaitwa hivyo na wanavaa suti kwenda kanisani.

Baba Zena alikuwa sahihi. Kamala jina lake ni James Harris, mtu wa Mississippi, na uhusika wenyewe ulitengenezwa Memphis 1982. Mmarekani mweusi aliyekulia kwenye umaskini wa mashamba ya Kusini akavishwa Uganda ambayo haipo popote, na akatakiwa asiongee, maana Mwafrika wa kwenye mieleka hakutakiwa kuwa na lugha. Hili linaniuma na siwezi kulipita kimya kwa sababu tu nilikuwa naifurahia shoo. Wakati huo huo nikimwangalia Harris mwenyewe naona fundi. Mechi ni fupi mno, dakika tatu na kitu, yule msimamizi anampiga Undertaker na ile kofia, Kamala anatolewa kwa kuvunja sheria, halafu anaanza kumrukia Undertaker kwa tumbo, mara ya kwanza, mara ya pili. Halafu Undertaker anakaa. Kama bawaba. Na hapo mwangalie Kamala: macho yanatoka, mikono inaanza kutetemeka, anarudi nyuma hatua ndogo ndogo za mtu ambaye hataki kumpa mgongo mzimu. Undertaker hakufanya chochote zaidi ya kukaa. Woga wote ule uliojaa Wembley umetoka kwenye mwili wa Harris. Baadaye kisukari kilimkata miguu yote miwili, akafariki Agosti 2020.

Mechi ya mwisho, Bret Hart anatetea mkanda wa Intercontinental, ubingwa wa pili baada ya ule wa dunia, dhidi ya shemeji yake. Davey Boy ni kijana wa Golborne, huko huko Uingereza, akaenda Canada akaoa kwa kina Hart, mke wake Diana ni dada yake Bret wa toka nitoke, na Diana kakaa pembeni ya ulingo anashika mdomo. Davey analetwa na Lennox Lewis, bondia, kabeba bendera. Yaani uwanja mzima ni wa Davey, na Bret anapigana ugenini mbele ya dada yake ambaye hajui amwombee nani.

Bret amesimulia mara nyingi kwamba dakika chache tu baada ya kengele aligundua Davey hajiwezi, kachoka kabisa na mpango wote wa mechi umemtoka kichwani. Walikuwa na dakika ishirini na tano za kujaza. Kwahiyo safari hii sikumwangalia Davey, nilimwangalia Bret. Kila akimkaba kichwa chini, mdomo wa Bret upo sikioni kwa Davey. Kabali ya kupumzisha, Davey anavuta pumzi, Bret anaongea, wanainuka, wanafanya kitu kikali, uwanja unalipuka, wanarudi chini, Bret anaongea tena. Kuna mahali Bret anaruka juu ya kamba kwenda nje na Davey hajakaa sawa kabisa, kidogo shingo za watu ziende. Anainuka anaendelea. Davey naye hapo hapo simnyimi haki yake, mtu aliyepotea vile bado alikuwa anamnyanyua Bret mzima mzima juu na kumbwaga bila kumuumiza, na ile bwaga yake ya kukimbia Bret anapoinua bega kwenye mbili, ule uwanja unatoa sauti ambayo spika za kile kibanda zisingeiweza.

Halafu ikafika ile sehemu. Wamegongana mikono shingoni wote chini, hoi, na Bret akiwa bado amelala anaanza kuisuka miguu ya Davey na miguu yake. Anamgeuza. Mkono unatafuta kamba. Moyo ulikuwa unanidunda kweli, miaka yote hiyo.

Davey akaishika kamba.

Refa akamwachanisha. Dakika moja hivi baadaye Bret akapita juu ya Davey kumkunja kwa mbele, Davey akamkalia akazibana miguu, moja, mbili, tatu. Bret alishindwa. Aliyemvusha mwenzake dakika zote zile ndo mabega yake yapo chini. Akainuka akamwacha Davey na mkono umenyooshwa, akageuka kama anaondoka, watu wakaanza kuzomea, akasimama. Akarudi akamshika mkono, Diana akaingia katikati, wakakumbatiana watatu chini ya fataki.

Nimempigia simu jamaa yangu mmoja tuliyekuwa tunakaa naye benchi la kulia, siku hizi yupo Dodoma. Nikamwambia Davey aliishika kamba. Akanyamaza, akaniuliza, "Kamba ipi?"